Mgeni Mfukoni, Mhindi Mdomoni

Kuna maandishi ya kisheria ambayo ukiyasoma kama sheria peke yake utayapitia juu juu. Hukumu ya kesi ya People dhidi ya Hall, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya California mwaka wa 1854, ni mojawapo. Mimi si wakili. Naisoma jinsi ninavyosoma hadithi fupi: nani anasimulia, nani amepewa jina, na nani amefukuzwa ukurasani kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Nikiisoma hivyo naona kazi ya kubuni, tena iliyobuniwa kwa bidii. Watu wengi huicheka. Nadhani wanaicheka mapema mno.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka wa 1853, katika Nevada County (hii ni kaunti ndani ya California, usiichanganye na jimbo la Nevada), mchimba dhahabu Mchina kwa jina Ling Sing aliuawa. Mzungu aliyeitwa George Hall akashtakiwa. Wachina waliokuwepo wakapanda kizimbani wakasema walichokiona, raia walioketi kuamua kesi wakawaamini, na Hall akahukumiwa kunyongwa. Akakata rufaa. Mahakama ya Juu haikuulizwa kama aliua. Iliulizwa kama wale mashahidi walistahili kufungua mdomo.

Sheria ya jinai ya California ya 1850 ilisema kwamba mtu mweusi, chotara au Mhindi haruhusiwi kutoa ushahidi, uwe wa kumtetea mzungu au wa kumpinga. Nasema Mhindi kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyolibeba neno la Kiingereza Indian. Babu zetu walisema Wahindi Wekundu, na vitabu vya shule vikaendelea hivyo hivyo. Basi tulibakishe neno hilo kidogo, litatufaa. Kwenye orodha ya sheria ile Wachina hawakutajwa. Wakati inapitishwa walikuwa wachache mno California hata mtunga sheria hakuwawaza. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1852 pekee, watu wapatao 20,000 kutoka China walishuka San Francisco. Kwa hiyo kulikuwa na shimo kwenye sheria, na Jaji Mkuu Hugh Murray, kijana ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 30, akaketi kuliziba.

Na aliliziba kwa hadithi. Anaanza mbali, kwa Columbus. Columbus alipofika visiwa vya Amerika alidhani amefika Asia, akawaita wenyeji Wahindi. Kwa hiyo, anasema jaji, tangu siku hiyo jina hilo limewafunika watu wa Asia pamoja na wale wa Amerika. Halafu anasonga kaskazini, kwenye mlango wa bahari wa Bering, na kutuletea nadharia kwamba wenyeji wa Amerika walivuka kutoka Asia zamani za kale. Basi hao wote ni jamii moja, asili yao moja. Mchina ni Mhindi. Mhindi haruhusiwi kutoa ushahidi. Hall aende nyumbani.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna namna ya kuuonja upuuzi huu vizuri zaidi. Mahindi yalitoka Amerika yakavuka bahari, watu wa pwani wakayapa jina linaloelekea Bara Hindi, na hadi leo tunasaga unga tukisema mahindi bila kuwaza. Jina lilikosea bara, ugali ukaiva vilevile. Sasa mfikirie mtu anayesimama kortini na kusema kwamba kwa kuwa yanaitwa mahindi, gunzi hili lionyeshe pasipoti ya Mumbai. Huyo ndiye Murray. Tofauti ni kwamba gunzi halikuwa na shahidi aliyemwona muuaji.

Hapa ndipo wasomaji wengi hucheka na kufunga ukurasa. Jaji mjinga, jiografia mbovu, karne ya kumi na tisa, basi. Mimi nasema hebu rudi usome tena, kwa sababu hadithi ya Bering ina kazi mbili na moja tu ndiyo huonekana. Kazi inayoonekana ni kumgeuza Mchina kuwa Mhindi ili anyamaze. Ile nyingine inakwenda upande wa pili: inamgeuza Mhindi kuwa Mchina. Kama wenyeji wa Amerika nao walitembea tu kutoka Asia, basi nao ni wahamiaji. Walifika mapema, sawa, ila walifika. Kwa sentensi chache ardhi yote ya California inabaki haina mwenyewe. Kila mtu ndani ya hukumu ile ametoka mahali, isipokuwa mmoja. Hall anatambulishwa kama raia mzungu aliye huru, na hakuna anayemuuliza mababu zake walivuka bahari gani. Jimbo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka minne.

Na kaunti ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa nchi ya Wanisenan. Dhahabu iliyotikisa dunia iliokotwa kwao, Coloma, Januari 1848. Julai 1851 viongozi wao walitia sahihi mkataba na wajumbe wa serikali ya Marekani karibu na Mto Yuba, mmoja kati ya mikataba 18 iliyofanywa na wenyeji wa California. Kwa mikataba hiyo wangebakiwa na ekari zaidi ya milioni 7, kidogo sana ukilinganisha na walichokuwa nacho. Mwaka uliofuata Seneti ikaikataa yote, katika kikao cha siri, na karatasi zikafungiwa hadi 1905. Watu waliotimiza upande wao wa ahadi hawakuambiwa kwamba upande wa pili umeitupa. Wakati huo huo gavana wa kwanza wa jimbo, Peter Burnett, alikuwa ameshaliambia bunge Januari 1851 kwamba vita dhidi ya wenyeji vitaendelea mpaka waishe kabisa. Aliitoa kauli hiyo kama mtu anayetabiri mvua.

Kulikuwa pia na sheria ya Aprili 1850 ambayo jina lake lilisema ni ya kuwatawala na kuwalinda Wahindi. Kulinda, eti. Mwenyeji aliyeonekana anazurura angeweza kukamatwa na nguvu kazi yake ikapigwa mnada kwa mzungu aliyetoa bei ya juu, kwa muda wa hadi miezi minne. Watoto waliweza kukabidhiwa kwa wazungu kwa jina la malezi. Na ndani ya sheria hiyo hiyo kulikuwa na kifungu kilichosema mzungu hawezi kutiwa hatiani kwa neno la Mhindi. Kwa hiyo kufuli lililotumika kwa mashahidi wa Ling Sing lilikuwa limeshajaribiwa kwa wenyeji wa nchi, na lilifanya kazi vizuri. Wanahistoria wanakadiria kwamba wenyeji wa California walikuwa takriban 150,000 kabla ya dhahabu, na katika miaka ya 1870 walikuwa wamebaki kama 30,000. Watu hawapungui namna hiyo kwa magonjwa na njaa peke yake. Kunahitajika pia korti ambazo haziwezi kusikia.

Wanisenan hawamo kwenye hukumu ya Murray. Neno Mhindi limejaa kila mahali, limekunjwa na kukunjuliwa, lakini hakuna mtu ndani yake. Ling Sing naye, ambaye maiti yake ndiyo chanzo cha kila kitu, hatajwi jina. Tunajua tu kwamba mtu alihukumiwa kwa mauaji kutokana na ushahidi wa Wachina. Nimewahi kusoma riwaya za upelelezi mbovu sana, ila hata mbovu kabisa hukwambia nani amekufa.

Hoja ya pili ya jaji ni fupi. Kama Columbus hatoshi, basi neno mweusi lichukuliwe kuwa kinyume cha neno mzungu, na lijumuishe kila asiye mzungu. Ukiuliza kwa nini alihitaji Columbus kama alikuwa na hii mfukoni, nami nauliza hivyo hivyo. Lakini ni hoja ya tatu inayoonyesha mkono wake. Hapo anaacha historia na kusema wazi anachoogopa: tukiwaruhusu hawa kutoa ushahidi, kesho watataka kupiga kura, kesho kutwa wataketi kuamua kesi, halafu utawaona kwenye kiti cha jaji na ndani ya bunge. Lugha yake inabadilika. Kule mwanzo alikuwa profesa, hapa ni mtu wa kwenye mkutano wa hadhara. Anawaita watu waongo kwa asili, duni kwa maumbile, wasioweza kusonga mbele. Ungemwomba mhariri yeyote afanye kazi hapo angemwambia aanze na aya hii, kwa sababu nyingine zote ziliandikwa ili kuifikia.

Majaji walikuwa watatu. Heydenfeldt alikubaliana na Murray. Wells alikataa, na pingamizi lake lote ni sentensi moja, kwamba kwa heshima kubwa hakubaliani na Jaji Mkuu. Hakutoa sababu. Sentensi hiyo imenisumbua kuliko ubaguzi wa Murray. Murray aliamini alichokiandika na akakiandika kwa kurasa. Wells aliona, akawa na kalamu mkononi, akaandika heshima.

Sasa turudi mfukoni. Kabla Mchina hajawa Mhindi kortini, alikuwa ameshakuwa mgeni machimboni. Mwaka wa 1850 bunge la jimbo liliweka leseni ya wachimbaji wa kigeni, dola 20 kwa mwezi, ambayo iliwaumiza zaidi watu wa Mexico na Chile. Ilifutwa mwaka uliofuata. Mwaka wa 1852 ikarudi kwa dola 3 kwa mwezi, kisha 4 mwaka wa 1853, na safari hii walengwa walikuwa Wachina. Ikawa moja ya nguzo za mapato ya jimbo kwa miaka mingi. Mtoza ushuru alifika machimboni kama kanjo wa hapa mjini, bila kubisha hodi, na asiye na risiti aliweza kunyang'anywa vifaa vikauzwa kwa notisi fupi mno. Akija mara mbili mwezi huo huo, au akija asiye mtoza ushuru na kudai ndiye, utamshtaki wapi? Baada ya 1854 hakukuwa na shahidi. Kambi nzima ya watu 50 ingeweza kushuhudia wizi mchana kweupe na mbele ya sheria ikawa hakuna aliyeona.

Ziweke karatasi hizi mbili pamoja. Kwenye karatasi ya leseni, mtu huyu ni mgeni na lazima alipie kila mwezi kuchimba ardhi isiyo yake. Kwenye karatasi ya hukumu, mtu huyu ni wa jamii moja na wenyeji wa ardhi hiyo na kwa hiyo hana sauti. Ni mgeni mfukoni, Mhindi mdomoni. Hakuwahi kuwa Mhindi pale ambapo kungemfaa, na wala kuwa Mhindi hakukumfaa hata Mhindi mwenyewe, kwani Mnisenan hakulipishwa leseni ya mgeni ila alikuwa amenyang'anywa mto wenyewe.

Wachina wenyewe walijibu vipi? Walijibu kwa maandishi, na hapa mambo yanakuwa magumu kwa sisi tunaopenda kumwona mwonewa akiwa msafi. Mwaka wa 1855 mfanyabiashara wa San Francisco, Lai Chun-chuen, aliandika kwa niaba ya wenzake jibu kwa ujumbe wa Gavana John Bigler, ambaye alikuwa adui yao wa siku nyingi. Ni barua yenye akili na uchungu. Inakumbusha ustaarabu wa China, inakumbusha biashara na kodi. Kisha inafika kwenye suala la ushahidi na kulalamika kwamba Wachina wamewekwa daraja moja na Wahindi na watu weusi. Inawaeleza Wahindi kama watu wasiojua taratibu za maisha ya jamii, wasiovaa nguo, wanaoishi porini. Hoja yake, ukiivua adabu, ni hii: kufuli ni sawa, mmekosea mlango tu.

Sitaki kumhukumu Lai kutoka kwenye kochi la Nairobi. Alikuwa anatetea watu wanaouawa, mbele ya gavana aliyetaka wafukuzwe, kwa lugha ambayo gavana angeweza kuisikia. Lakini mhakiki akisoma barua ile na kunukuu ushujaa wake huku akiiruka aya hiyo, anafanya kile kile alichofanya Murray. Anamtumia Mhindi kama neno. Nimekutana na tahakiki za namna hiyo zaidi ya moja.

Na fasihi ya baadaye? Maxine Hong Kingston, katika kitabu chake China Men cha 1980, aliweka katikati ya simulizi za mababu zake sura nzima ambayo ni sheria tu. Tarehe, kifungu, tarehe, kifungu. Hakuna machozi. Kwangu mimi ni kati ya uamuzi bora wa kifasihi niliowahi kuuona, kwa sababu anaamini msomaji ataumia mwenyewe bila kufinywa. Ila sura hiyo inafunguka na mkataba wa 1868 kati ya Marekani na mfalme wa China. Ukianza hapo, kisa kinakuwa cha dola mbili kubwa zilizokubaliana watu wahame kwa uhuru, halafu moja ikasaliti. Mikataba 18 iliyofungiwa kabatini haina mahali pa kuingia. Ardhi inakuwa jukwaa ambalo lilikuwepo tu.

C Pam Zhang alikaribia zaidi. Riwaya yake ya 2020, How Much of These Hills Is Gold, inawafuata ndugu wawili, Lucy na Sam, wanaobeba maiti ya baba yao kupita vilima vikavu wakitafuta mahali pa kumzika. Baba huyo alizaliwa katika nchi ile, na bado sheria inamhesabu mgeni. Swali la nani ni mwenyeji ndilo moyo wa kitabu, na Zhang halipi jibu la bure. Lakini anachagua kuficha karne: sura zake zina miaka kama XX62 na XX59. Ninaelewa nia. Anataka nchi ya ngano, ambapo simbamarara anaweza kuwa ameacha nyayo California. Tatizo ni kwamba California ya ngano ilishaandikwa, na mwandishi wake alikuwa Hugh Murray. Ni yeye aliyeondoa tarehe, akachanganya Columbus na Bering, akawafanya watu kuwa ukungu. Ukikutana na korti iliyogeuka hadithi, mimi ningetaka riwaya yenye tarehe, mito yenye majina na wenyeji wenye majina. Katika kitabu cha Zhang wenyeji wa asili wako pembeni mwa kisa. Unawahisi, huwasikii wakibishana na yeyote. Bado nakipendekeza kitabu hiki, kisome, ila kisome ukiuliza ni nani aliyekuwa anaviita vilima vile kwa jina kabla Lucy na Sam hawajavipita.

Kufuli lenyewe lilidumu. Mwaka wa 1863 California iliwaruhusu watu weusi kutoa ushahidi, na mwaka huo huo ikawaandika Wachina kwa jina kwenye orodha ya waliozuiwa, pamoja na Wahindi. Columbus hakuhitajika tena. Marufuku yaliondoka tu wakati sheria za jimbo zilipoandikwa upya na kuanza kutumika Januari 1873. Wakati huo dhahabu ya mitoni ilikuwa imekwisha na Wachina wengi walikuwa wameshahamia reli, mashamba na mji.

Wanisenan wa Nevada City walibaki. Karne ya ishirini walikuwa na kijishamba kilichotambuliwa na serikali kuu, hadi 1964 serikali hiyo ilipowafutia utambuzi kama taifa. Wangali wanaudai. Kaunti yao ni ile ile alikouawa Ling Sing.